Waigizaji wa Lamu na Malindi: kutoka jukwaani hadi kwa TV, na misaada iliyofuata. Tupeane uzoefu

Wapwani wenzangu, kila siku ni hadithi za waigizaji wa Nairobi. Huku kwetu wapo walioanzia tamasha la shule, wakafika kwa TV, na sasa sura zao zachangisha sodo, karo na matibabu. Wewe ulipitia wapi? Ulilipwa? Misaada uliianza mwenyewe au ilikufuata?

Nianze mie, wa Maweni, Malindi. Shuleni niliigiza Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza. Hapa hiyo si ajabu: sanamu yake ipo mjini, na kila Agosti wazee wa kaya za Wamijikenda huja kumkumbuka. Nilichaguliwa kwa sauti tu, mwalimu alitaka mtu wa kusikika hadi nyuma ya ukumbi. Baada ya shule nikaingia hotelini na kundi la animatori, wale wa kuwachangamsha wageni. Watu huidharau kazi ile, lakini ndiyo iliyonifunza kumchekesha Mtaliano asiyejua neno hata moja nisemalo. Kwa TV nikapewa niigize mke mwenza mkorofi, na muongozaji akawa hanipi nafasi: "Dada, punguza! Kamera iko puani kwako." Sauti ya Mekatilili ikakaribia kunifukuzisha.

Misaada sikuianza. Tamthilia ilipotoka, akina mama sokoni waliniona tajiri, na malipo yenyewe ni ya siku ya shuti, tena huja yakitaka. Basi nikawa naandamana nao kwa wenye maduka. Mke mwenza mkorofi hakataliwi! Katoni za sodo zikatoka.

MWANA WA LANGONI: Ahsante dada. Mie jukwaa langu lilikuwa uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Punda akipita, mchezo wangoja.

Tabu ya Lamu ni safari. Boti mpaka Mokowe, basi, vizuizi vya polisi, wafika odisheni Mtwapa umejaa vumbi, waambiwa "tutakupigia". Mimi walinichukua kwanza niwafunze wengine lafudhi ya kwetu, sehemu ya kuigiza ikaja baadaye. Babangu hakusema lolote mpaka siku nilipotokea nikiwa nahodha. Akapiga simu: "Mwanangu, tanga halifungwi hivyo."

Kwa misaada, kundi letu lilicheza mchezo kuhusu unga, yaani heroini, hapo Mkunguni na pia Shela. Watu walicheka, wakatawanyika, na usiku akina mama wakaja mmoja mmoja mlango wa nyuma. Tukaanza kuchanga nauli ya kuwapeleka vijana Malindi, kwa Omari Project, kituo cha kuwasaidia watu kuacha unga kilichoanza huko miaka ya 1990. Wengine walirudi wazima, wengine waliurudia unga. Shauri langu moja: pesa zisiingie kwa simu yako. Zetu anaweka mwalimu wa madrasa, na hesabu husomwa mbele ya wote. Ukishakuwa sura ya TV, "kala pesa za watu" ni neno jepesi mno mdomoni.

WATAMU: Mie niliitwa na shirika fulani kugawa chakula, nikapigwa picha na watoto. Kamera zilipoondoka, nusu ya magunia ikapakiwa tena garini. Siku hizi kabla ya kuvaa fulana ya mtu nauliza mzigo wabaki na nani.

BINTI KIZINGITINI: Shikamooni. Niko kidato cha tatu, shule yetu haina kundi la maigizo. Naanzia wapi?

WA MAWENI: Marahaba mwanangu. Tamasha la kitaifa la shule lina filamu pia siku hizi, si michezo ya jukwaani pekee. Mtafuteni mwalimu mmoja wa kuwasimamia, simu yenye kamera nzuri, na hadithi ya hapo hapo kisiwani. Na ukiitwa odisheni Mombasa usiende moja kwa moja. Basi la Mokowe hupita Malindi. Mwambie mamako aongee nami, ushuke, ulale kwetu, asubuhi uendelee.