MJADALA: Picha za akili mnemba ziruhusiwe kuonyesha viumbe katika majarida ya sayansi?

Msimamo wangu: zisiruhusiwe. Na sisemi hivyo kwa kuamini kwamba mkono wa mtu haukosei.

Februari 2024 jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilitoa makala yenye picha ya panya iliyotengenezwa kwa Midjourney, programu ya akili mnemba. Viungo vyake vya uzazi vilikuwa vikubwa ajabu, na maandishi ya kutaja sehemu za mwili hayakuwa na maana yoyote. Makala ikaondolewa baada ya siku chache. Watetezi wanasema programu zimeboreka tangu hapo. Mimi hilo ndilo linalonitisha. Panya yule alijianika mwenyewe. Wa kesho, aliyekosewa ukucha mmoja tu, nani atamgundua?

Jambo hili si geni. Mwaka 1515 Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, alichora kifaru ambaye hakuwahi kumwona. Alichokuwa nacho ni barua na mchoro mdogo kutoka Lisbon, alikoshushwa mnyama huyo akitokea India. Mchoro unapendeza mno, ila ngozi imepangwa vipande vipande kama deraya, na karibu na mabega imechomoza pembe ndogo ambayo hakuna kifaru aliye nayo. Waandishi wa vitabu waliendelea kuunakili hadi karne ya 18.

Ernst Haeckel naye, mwanabiolojia wa Ujerumani, mwaka 1868 alichapa mchoro ule ule mara tatu, akiuita hapa kiinitete (mnyama anayeanza kuumbika) cha mbwa, pale cha kuku, kwingine cha kobe. Ule ulikuwa mkono wa mtu, tena msomi.

Sasa mtazameni Maria Sibylla Merian, mchoraji na mtafiti wa wadudu. Alikwenda Suriname, Amerika Kusini, mwaka 1699, akafuga viwavi, akawachora pamoja na mmea wanaoula, toka kiwavi hadi pupa hadi kipepeo. Kitabu chake cha 1705 kina mchoro wa buibui mkubwa anayekula ndege. Karne ya 19 wakosoaji waliubeza, mpaka mtafiti wa Uingereza, Henry Walter Bates, alipoandika kwamba huko Amazon alimkuta buibui wa aina hiyo na ndege aliowaua. Ubishi ulikatwa kwa sababu alichokichora Merian kilikuwapo porini, na yeyote aliweza kwenda kukitafuta.

Kuna wanaosema basi tutumie fotografia peke yake. Fotografia inanasa ua moja kwa siku moja. Mchoraji wa mimea huweka kwenye ukurasa mmoja chipukizi, ua lililopasuliwa, tunda na mbegu, kutokana na sampuli kadhaa, na sampuli hizo zina namba kwenye makabati ya hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Namba hizo ningetaka ziandikwe chini ya kila mchoro, bila kusamehe mtu.

Picha za programu kwenye bango la kukaribisha wageni makumbusho sina ugomvi nazo. Kwenye makala ya sayansi nawauliza mnaoziunga mkono: mtu akipinga umbo la mguu wa mdudu kwenye picha hiyo, tutafungua kabati gani kumwangalia mdudu mwenyewe?