PTF za IBM i: kufanya za kudumu, au kuziacha za muda?

Nahodha_wa_Zamu
Wakuu, habari za kazi. Tuna seva ya Power yenye IBM i 7.4 (mfumo wa uendeshaji wa IBM) na diski ya mfumo inazidi kujaa. Nikifungua DSPPTF nakuta kurasa kwa kurasa za PTF, yaani viraka vya programu, zilizowekwa kwa muda, nyingine za tangu enzi. Kazini tumegawanyika. Mmoja anataka tupige APYPTF yenye APY(*PERM), yaani tuzifanye za kudumu zote usiku mmoja, tupate nafasi. Mwingine anasema ziachwe, kwa kuwa RMVPTF, amri ya kuziondoa, ndiyo bima yetu. Nyie mnafanyaje?

Bisibisi
Bima hiyo inachakaa, mkuu. PTF ikiwa ya muda, mfumo unatunza programu ya zamani pembeni ili uweze kuirudisha. Ukiifanya ya kudumu, ile ya zamani inaondoka, na hapo kurudi nyuma ni kwa bekapu tu. Sasa hiyo ya tangu enzi utaiondoaje wakati nyingine zimeshajengwa juu yake? RMVPTF itakudai uanze na hizo tegemezi kwanza.

Utaratibu wangu: furushi jipya la PTF likija (SF99740 kwa 7.4, pamoja na HIPER, yaani za matatizo mazito, SF99739), nachukua GO SAVE chaguo la 22 (bekapu ya data za mfumo), kisha nazifanya za kudumu zile za furushi lililotangulia. Hizo zimeshapitia kufunga mwezi na kazi zote nzito za usiku. Mpya zinakaa za muda hadi furushi lingine. Kuzifanya zote usiku mmoja, zikiwemo za wiki iliyopita, mimi sifanyi.

Zuhura_QSECOFR
Naungana na Bisibisi, ila 5770999 itazame peke yake. Hiyo ni Licensed Internal Code (LIC), programu ya chini kabisa ya mashine, nayo ina pande mbili, A na B. PTF zake za muda zinakaa upande B. Ukizifanya za kudumu zinaandikwa hadi upande A. Siku B ikigoma kuwaka, A ndiyo mlango wa dharura, kwa hiyo usiingize huko kitu ambacho hakijakomaa.

Kabla ya kugusa chochote andika DSPPTF LICPGM(5770999), utazame sehemu ya juu ya skrini. Kazi ya kawaida huendeshwa kwenye ##MACH#B. Ukikuta ##MACH#A, simama hapo hapo, uliza nani aliiwasha upande huo na kwa nini. Na za kudumu za LIC zinangoja IPL (kuwasha mfumo upya), kwa hiyo omba muda wa kuzima mapema.

Mzee_wa_RPG
Mnabishana vizuri, lakini mtoa mada kalalamikia diski. Nakala za PTF za muda zinakula nafasi, sawa, ila mara nyingi mnyonyaji yuko kwenye IFS, mfumo wa mafaili: taswira za furushi zilizopakuliwa, zikawekwa kwenye katalogi, zikasahaulika. Hizo ni gigabaiti juu ya gigabaiti. Ingia WRKIMGCLG uone. Katalogi ambayo kazi yake imekwisha itoe kwanza kwenye kifaa pepe, halafu uifute kwa DLTIMGCLG, na uandike KEEP(*NO). Kwa KEEP(*YES) katalogi inaondoka lakini mafaili yanabaki, nawe unashangaa diski haijapumua.

Kisha QGPL, maktaba ya jumla ya mfumo. Humo kuna faili za PTF zenye majina kama QSI na tarakimu. Usizifute moja moja kwa DLTF! Tumia DLTPTF kwa zile zilizokwisha kuwa za kudumu au kupitwa na nyingine, ili kumbukumbu za mfumo zisipishane na kilichopo.

Kamba_Mbili
Shikamoo mzee. Sisi wa AIX, Unix ya IBM, tuna mzozo huo huo kwa majina mengine: installp -s inaorodhesha zilizowekwa tu, -c inathibitisha, -r inakataa. Tulishaacha kubishana. Tunanakili rootvg (diski ya mfumo) kwa alt_disk_copy, tunasasisha nakala, tunawasha kutoka huko. Ikiharibika, bootlist (orodha ya diski za kuwashia) inarudi kwenye diski ya zamani.

Bisibisi
Raha hiyo inataka diski ya ziada, Kamba. Mwenzetu ndiyo kitu anacholilia.

Nahodha_wa_Zamu
Mzee, marahaba zako ziwe nyingi. Kuna katalogi za 7.3 bado zimelala pale! Nimezifuta, na asilimia ya diski kwenye WRKSYSSTS imeshuka vya kutosha. Suala la kudumu tutalifanya kwa utaratibu wa Bisibisi. Ila sasa bosi anauliza: furushi lijalo, hatuwezi kuweka za papo hapo tu tukaepuka IPL?

Zuhura_QSECOFR
Mnaweza. Kwenye GO PTF chaguo la 8, fungua chaguo nyingine, aina ya kuweka ni 3. Lakini zile zinazodai IPL zitabaki zimepakiwa tu, hazifanyi kazi. Mwonyeshe bosi hali ya kikundi kwenye WRKPTFGRP, akusainie yeye kwamba ameridhika nayo.