Naomba ushauri: kanga inachuja rangi na Jumatatu naenda kambini

Habari zenu ndugu zangu. Niko Ngamiani, Tanga. Jumatatu naenda Bagamoyo, kambi ya siku tano ya washonaji wa mifarishi ya viraka, yaani matandiko ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa, na mafundi wa nyuzi. Tumeambiwa tuje na vitambaa vilivyokwisha kufuliwa.

Ninayo kanga nyekundu ya marehemu bibi, aliiweka sandukuni bila kuivaa hata siku moja. Nimeiloweka kwenye maji baridi ya chumvi mara tatu, bado inachuja. Nikiiunga na bafta nyeupe naogopa mfarishi wote utaingia wekundu, na kanga yenyewe sina nyingine.

Mnaizuiaje rangi? Na nyuzi za mkonge, zinafaa kudarizia juu ya kanga au zitaichana?