Mrejesho: We Have Always Lived in the Castle nimeimaliza

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama niendelee na riwaya hii ya Shirley Jackson ya mwaka 1962, iliyokuwa ikininyima usingizi ilhali nashindwa kuiacha. Ushauri wa kuisoma mchana tu ulinifaa mpaka Charles, binamu yake msimulizi, alipowasili katika hadithi. Tangu hapo nilikesha nayo. Kilichosaidia zaidi ni pendekezo la kumtilia shaka msimulizi, Merricat, kwani nilipoanza kupima kila neno lake, lile bakuli la sukari lililotiwa sumu ya arseniki, na hata daftari la baba yake ambalo Merricat alilipigilia msumari mtini, vilinitisha kidogo na kunivutia mno. Ushauri wa kuruka maneno ya ami yake Merricat, Julian, kwa kweli, haukunifaa. Ilinibidi nirudi nyuma kuyasoma.