Mshale mzito mbele: sheria iingilie au kila mwindaji aamue mwenyewe?

Wakuu, salaam. Msimu uliopita huku Pennsylvania nilimlenga kulungu, mshale ukampata kwenye mfupa wa bega. Uliingia kiasi cha vidole viwili, wano (mti wa mshale) likavunjika. Nilifuata damu tone kwa tone hadi ikapotea kwenye majani makavu ya mwaloni. Sikumpata, na bado inaniuma.

Nikatoa chembe (ncha ya chuma) ya greni 100 (gramu 6 na nusu hivi), nikatia ya 200. Mshale wangu ni inchi 28. Zamani nikiulaza juu ya kidole ulitulia inchi 17 kutoka upoteni (mwisho unaoshika uzi wa upinde), sasa ni 19 na robo. Toa nusu ya urefu, gawa kwa 28: uzito wa mbele umetoka asilimia 11 hadi karibu 19. Ed Ashby, aliyejaribu mishale kwa wanyama wakubwa kule Natal miaka ya 1980, anasisitiza hilo pamoja na uzito wa jumla wa greni 650.

Namibia sheria yao inaweka kiwango cha chini cha uzito wa mshale kulingana na ukubwa wa mnyama. Majimbo mengi huku yanaangalia zaidi nguvu ya upinde na upana wa chembe. Mimi nataka mshale nao upimwe. Mnasemaje?

Jibu, kutoka Voi

Pole sana ndugu. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, lakini wazee wa Kiwaata hapa Tsavo waliangusha ndovu kwa mshale. Pinde zao zilikuwa ngumu kuvuta, ila kazi ya kuua ilifanywa na sumu ya msunguti iliyopakwa nyuma ya chembe na kuviringishiwa ngozi isikauke. Ikifika kwenye damu, moyo unasimama. Wewe huna sumu, kwa hiyo makali yenyewe lazima yafike mapafuni. Nakuunga mkono.

Jibu la pili

Napinga. Mshale mzito huanguka haraka. Kosea mita tatu tu kukadiria umbali wa mita 35, umempiga tumbo, na huyo atateseka kutwa. Halafu ukizidisha uzito mbele, wano lilelile linapinda zaidi likiachiwa na upote. Mshale unaoyumba haupenyi. Mkilazimisha kwa sheria, watu watafunga chembe nzito kwenye mawano laini, basi. Heri mtu apimwe shabaha kabla ya kupewa leseni.

Mleta mada

Hapo kwa wano umesema kweli. Nilipobadili chembe peke yake, nilipiga karatasi kwa karibu na tundu likachanika kwa upande badala ya kuwa la duara. Ikabidi ninunue mawano magumu zaidi. Kwa hiyo asilimia ya mbele naiondoa kwenye hoja yangu, isiwe sheria. Uzito wa jumla siuachi, na mtihani wa shabaha uwepo pia. Umbali nao nimejiwekea mwisho mita 20.

Aliyewahi kuwinda Namibia atuambie: mishale inawekwa kwenye mizani kweli, au ni kujaza fomu tu?