Kamba ya dola 40 kule Birere: ya kupanda mawe ao ya kufunga mbuzi?

Kijana_Himbi (Goma)
Salama wakubwa na wadogo. Niko Goma, kwetu Himbi, miaka 22, mnisamehe kama swali ni la kitoto. Tangu Olimpiki ya Paris 2024 huu mchezo wa kupanda ukuta umeniingia kichwani, wale watu wanapanda mita 15 kama mjusi aliyeona paka, yule Veddriq Leonardo wa Indonesia sekunde 4.75 na dhahabu shingoni, hiyo video nimeiangalia mpaka mega za intaneti zikaisha. Sasa wiki iliyopita niko napita Birere naona muzee mmoja wa vitu vya okazio (mitumba) anauza kamba nyeupe yenye vijinyuzi vya bluu, karibu mita 40, pamoja na bodrie moja (ule mkanda wa kujifunga kiunoni na mapajani) na musketoni tatu (vyuma vya kukamatishia kamba). Ati vilitoka kwa wazungu waliokuwa wanafanya kazi huku wakarudi kwao. Kamba dola 40, vyote pamoja 60, na nikikatisha bei naona atashuka maana siku nzima hana wateja.

Mpango wetu ni huu: kuko kariere moja ya zamani walikuwa wanapasulia mawe, umebaki ukuta wa volkeno kama mita 8, umesimama wima kabisa. Mimi na mtoto wa baba mdogo tunataka kupiga ferabeto (nondo) mbili pale juu kwenye jiwe, tufunge kamba, mmoja apande mwengine ashike chini. Hiyo kamba nichukue ao niache? Ferabeto itashika? Na viatu, vile vya kuchezea mpira vitafaa? Mama hajui kitu na asijue.

Piloni_243 (Goma)
Mdogo wangu, hiyo pesa iache kwanza mfukoni.

Mimi mkate wangu uko juu ya mapiloni (minara) ya simu, mwaka wa 9 sasa, kwa hiyo kamba nazijua kuliko ninavyozijua jamaa za bibi yangu. Kamba ziko aina mbili na kwa macho zinafanana. Kuko ya kuvutika, ndiyo ya wapanda mawe, ukianguka inajivuta kama lastiki inameza ile nguvu polepole. Kule zinakotengenezwa wanaangusha nayo chuma cha kilo 80, anguko baya kabisa, na kamba ya kutumia moja peke yake lazima ivumilie hilo anguko mara 5 bila kukatika, na ule mshtuko wa kwanza usipite kilonyutoni 12. Kuko na isiyovutika, hiyo ni ya kushukia, ya kupandisha mizigo, ya watu wa mapangoni na ya sisi wa mapiloni, ukijining'iniza inajivuta kidogo sana, haifiki hata asilimia 5. Ukianguka nayo ikiwa imelegea, kile ambacho kamba haikumeza kinamezwa na mgongo wako.

Nisikudanganye, yamenipata. Mwaka wangu wa kwanza, kampuni niliyokuwa nayo (siitaji) ilitupa kamba hivihivi, bila kile kifuko cha kupunguza mshtuko. Mimi nikajifunga chini ya miguu kwa uvivu, nikateleza, anguko lenyewe labda mita moja na nusu, mtu anaweza kucheka. Nilisikia kama nimepigwa nondo kiunoni. Wiki mbili nalala kwa tumbo, kukaa siwezi, choo ni shida, bosi anapiga simu anauliza antena itawaka lini.

Rudi kwa yule muzee uangalie ncha za kamba, kunakuwaka kiplastiki kidogo kimeandikwa. Ukikuta namba 1 ndani ya duara, hiyo ni ya kuvutika. Ukikuta herufi A ao B, hiyo ni ya kazi kama zetu. Na rangi hiyo, nyeupe na nyuzi chache za bluu, mimi nishaanza kusikia harufu ya A.

Ferabeto sahau. Volkeno yetu, Nyiragongo, inatoka nyepesi kama mafuta, ndiyo sababu 2002 ililipuka asubuhi na siku ileile ikawa iko mjini, na ikipoa inabaki na mapovu na matundu ndani. Chukua nyundo ugonge pale juu ya kariere yako, ikilia kama ngoma ujue chini yake ni upepo. Utapiga ferabeto, itaingia vizuri, utafurahi, na siku utakayoivuta itatoka na kipande kizima cha jiwe kinachokufuata kichwani. Halafu kaske, kofia ngumu ya kichwa, sijakuona ukiitaja hata mara moja!!

Kijana_Himbi
Aksanti mukubwa. Nimetoka Birere sasa hivi. Kwenye ncha imeandikwa A, 10.5, na mwaka 2009. Kitu kingine, muzee anaiweka chini ya batri mbili za gari, na kuko sehemu kama urefu wa mkono imekuwa na doa la rangi ya chai. Nikamuuliza akasema ni vumbi. Nikavuta kwa nguvu zangu zote haikukatika, hata tulivuta watu 3.

Piloni_243
2009! Wee! Hiyo 10.5 ni unene tu, milimita. Hata ingekaa kwenye kabati na karafuu, watengenezaji wenyewe wanasema nailoni miaka 10 basi. Na hiyo batri ndiyo mbaya kuliko mwaka. Asidi inakula nailoni kimyakimya, kamba inabaki nzima kwa macho na kwa mkono, watu 3 wakivuta inawacheka, siku ya anguko inakatika kama uzi wa buibui. Huku kwenye kazi, kamba ikipanda gari moja na batri bila mfuko tunaikata vipande vifupi mchana huohuo mtu asije akaiokota.

Mkimbizi_wa_Kilimani (Goma / Nairobi)
Piloni kasema yote ya kamba, ila mimi ngoja nimtetee kidogo mtoto wa watu maana mnamtisha mpaka ataacha.

Nilisoma Nairobi miaka 4 na huko nilipanda sana, ukuta wa ndani siku za kazi, na wikendi tukipata gari tunaenda Lukenya ao Hell's Gate karibu na Naivasha. Pale Hell's Gate kuko jiwe linaitwa Fischer's Tower, mita 25 hivi, limesimama peke yake kama kidole, ndipo wengi wanaanzia. Unapanda kwa mulineti, yaani kamba imeshapita juu kwenye musketoni mbili na imerudi chini kwa anayekushika, ukiteleza unashuka kidogo tu unaning'inia, unatukana, unaendelea. Hiyo ndiyo ya kuanzia. Kuna ya pili, ya kutangulia na kamba: unapanda nayo inatoka chini na kila mita kadhaa unaikamatisha kwenye chuma kilichopigwa kwenye jiwe, hapo anguko ni refu na kamba ya kuvutika ni lazima. Ya tatu haina chuma chochote kwenye jiwe, unaingiza vyako mwenyewe kwenye nyufa na mwenzako anavitoa akipita, hiyo nilijaribu mara mbili nikarudi kwenye sala. Na ile ya Alex Honnold, El Capitan 2017 bila kamba, ukuta unakaribia kilomita moja, saa 4 kasoro dakika chache, hiyo usiitaje hata mbele ya mama yako.

Hata hiyo unayoipenda ya sekunde 4 iko na siri yake. Ule ukuta ni mmoja dunia nzima, vishikio vilevile, mahali palepale, wanaukariri kama Baba Yetu. Na kamba ya juu haiwavuti, inakula tu ulegevu.

Sasa yenye kukuhusu wewe. Kuko mtindo hauhitaji kamba kabisa, mawe mafupi ya mita 3 ao 4, chini matela (godoro), ukianguka unaanguka. Ufaransa kuko pori la Fontainebleau limejaa hayo, watu wanatoka mbali kuja kupanda jiwe fupi kuliko nyumba yako. Na wewe, unakaa Goma, mji ambao nusu ya viringo vya nyumba, zile kuta za kuzungushia kiwanja, ni mawe ya volkeno, unaenda kutafuta kariere? Toka nje ya mlango wenu! Kiringo cha mawe kina vishikio kila sentimita 20. Usipande juu, kule ni vipande vya chupa na utaitwa mwizi. Panda KWA UPANDE. Miguu nusu mita kutoka chini, unaanzia kwenye lango unazunguka kiwanja chote bila kugusa udongo. Ukifika mwisho unarudi. Mimi likizo moja nilifanya hivyo kwa mjomba, kule kartie ya Katindo, kila jioni, niliporudi Nairobi wenzangu waliuliza nilikuwa nafanya mazoezi wapi.

Viatu vya mpira vina meno, vitakuteleza. Chukua raba ya soli bapa, nyembamba, ikubane kidogo. Vile vyenyewe vya kupandia ni vya soli laini isiyo na meno, vinabana mpaka unalia, vikipatikana okazio chukua, kiatu kikizeeka hakiui mtu.

Neno moja kwa Piloni: kama unamaanisha kamba ya A haifai kabisa hata kwa mulineti, umezidisha. Ikiwa mpya, imekazwa muda wote, watu wanaitumia.

Piloni_243
"Imekazwa muda wote." Na nani? Na mtoto wa baba mdogo, siku ya kwanza, simu ikilia mfukoni? Mimi nimeona watu waliosomea wakiacha mita mbili za ulegevu. Anayejua atumie anachotaka, anayeanza apewe kinachosamehe.

Ile ya kiringo lakini ni ya akili, nakubali.

Lushois_wa_Kenya (komini Kenya, Lubumbashi)
Ba Goma muko na bahati, muko na volkeno, batu banakuja toka Ulaya kuiangalia. Siye huku mulima yetu ni terile ya Gécamines, taka ya shaba nyeusi pembeni ya chemine, na hauko mulima ya kupanda, ukiweka mukono inakuya na mukono. Kwa hiyo miye ninapandaka miembe tu. Na mwaka huu niko champion wa kartie yote. Kamba sina, kaske sina, mwenye muembe njo anashika chini na fimbo.

Mama_Kine (Bukavu)
Ninyi watoto mnanichekesha. Mimi ni kine (fiziotherapia), siku zote natibu migongo na magoti, sasa mtu asome hapa vizuri kabla hajaenda kwenye hicho kiringo.

Nyama za mkono zinapata nguvu kwa wiki chache. Mishipa ya vidole, ile kamba inayopita ndani ya kidole na vile vipete vinavyoishikilia kwenye mfupa, inachukua miezi mingi. Hapo ndipo vijana wanaumia: wanasikia mikono imekuwa chuma, wanaanza kujining'iniza kwa ncha za vidole vimekunjwa, siku moja inalia "tak" kama kijiti kikavu, kidole kinavimba hukamati hata kijiko. Kwa hiyo, Himbi, miezi ya kwanza shika mawe makubwa na kiganja wazi, sukuma kwa miguu, mikono iwe ya kukuzuia usianguke nyuma tu. Siku moja panda, siku moja pumzika. Kidole kikiuma kwenye kiungo, acha, usiseme "ni mazoezi".

Na lile jiwe lenu najua linavyokata, nimeishi Goma. Glavu usivae, utateleza, ila safisha vidonda kwa sabuni usiku uleule. Poda nyeupe ya mikono ni manyezi (magnesia), haifanyi uchawi, inakausha jasho. Huna? Kitambaa kikavu mfukoni kinatosha.

Kijana_Himbi
Habari za wiki wakubwa zangu. Ripoti.

Kamba imeshauzwa. Nilipita Alhamisi nikakuta mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ndiye ameichukua, dola 12 baada ya kelele nyingi, sasa inafunga magunia ya makala (mkaa) toka juu huko mpaka mjini na iko sawa kabisa na kazi yake. Muzee aliniangalia vibaya. Bodrie nayo nilimwachia, musketoni moja akanipa bure, naitumia kwa funguo.

Kiringo: siku ya kwanza nilifika mita 3 kutoka lango nikaanguka, na mimi nilidhani nitazunguka kiwanja. Miguu ndiyo inatetemeka, siyo mikono, hiyo sikuitegemea. Siku ya tatu nilifika kwenye kona, kona yenyewe nimekwama hapo mpaka leo, mawe yamekatwa laini mguu hauna pa kukaa. Mama alitoka kuchota maji akanikuta nimebandikwa ukutani, akasimama na ndoo yake, akauliza nimefungiwa nje? Nikamwambia ni michezo ya Olimpiki. Akasema sawa, ukifika kule nyuma ondoa na yale majani yanayoota kwenye mawe.

Sasa kila jioni watoto wa majirani wanapanga foleni, kuko kadogo kamoja ka miaka 8 kamepita ile kona bila hata kufikiri, nimeshindwa kulala.

Mama Kine, swali moja tu: ngozi ya vidole imetoka vitatu mkono wa kuume, nisubiri siku ngapi?

Mama_Kine
Tatu ao nne. Na kata kucha.

Mkimbizi_wa_Kilimani
Kwenye kona muulize huyo kadogo aliweka wapi mguu wa kushoto. Siyo utani, muulize.