Lushoto, Materuni au Morningside: wapi panafaa kwa matembezi na picha?

Mtembezi_Pugu:
Wadau, tunatoka Dar, tuna siku tatu. Tunataka kutembea milimani na kurudi na picha za kuchapa na kutundika sebuleni. Tumebaki na Lushoto kule Usambara, Materuni kule Kilimanjaro na Morningside kule Uluguru, Morogoro. Ijumaa tunalipia malazi. Tuchague wapi?

Fundi_Lenzi:
Mkuu, mambo ya msingi yote hujayasema. Mwezi gani? Simu au kamera? Kuna watoto au wazee? Na picha ya ukutani ukubwa gani? Picha ya simu ya nukta (pikseli) 4000 kwa 3000, ukichapa kwa nukta 200 kwa inchi, inakupa upana wa sentimita 50 tu. Ukivuta kwa vidole wakati wa kupiga, hata hizo huzipati.

Mwana_wa_Soni:
Nendeni Lushoto, msipoteze muda. Basi hadi Mombo, kisha kilomita 33 za kona kupanda, na pale Soni maporomoko yako kandokando ya barabara. Kutoka mjini Lushoto hadi Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Ila msifike alfajiri mkidhani ndipo pazuri: jua linatokea nyuma ya mlima, kwa hiyo hadi karibu saa tatu vijiji vya chini kule Mazinde bado vimo kivulini, huku tambarare ya mbali ikiwaka. Kamera inachanganyikiwa, ama bonde jeusi ama anga jeupe. Saa nne ni sawa, au jioni mkitaka machweo. Msitu wa Magamba nao una mbega, lakini ni hifadhi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kiingilio mkilipie kabla ya kupanda.

Mama_Kihamba:
Mwanangu, Irente ni kusimama ukingoni na kuangalia chini. Materuni unatembea ndani ya migomba na kahawa hadi chini ya maporomoko ya mita 80 hivi. Siku ya mawingu ndiyo nzuri, kwa sababu korongo ni refu na jua kali linagawa picha vipande vyeupe na vyeusi. Kwenye kamera weka ISO 100 (wepesi wa kunasa mwanga), f/11 (tundu dogo la lenzi), kasi ya robo sekunde, na stendi iwe juu ya jiwe kavu, isiwe kwenye kokoto zinazotikiswa na maji.

Fundi_Lenzi:
Robo sekunde sawa, lakini msifike bila kitambaa kikavu. Kuna kundi lilishuka pale mwezi wa nne. Mmoja wao alipiga picha akielekea kwenye manyunyu, akafuta lenzi kwa fulana, kamera ikiwa bado mbichi akaifunga kwenye mfuko wa nailoni hadi Dar, na mfuko ukakaa kabatini. Unyevu, giza na joto: kuvu ikaota ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama za buibui. Ilipofunguliwa, kuvu ilisafishika ila ilikuwa imeshakula utando wa juu ya kioo unaozuia mng'ao. Sasa kila picha ya kuelekea mwanga inatoka na ukungu. Fungua begi jioni ileile, acha vifaa vipigwe hewa, ndipo uweke pakiti za silika za kunyonya unyevu.

Kijana_Moro:
Mbona Uluguru mnairuka? Treni ya SGR hadi Morogoro haifiki saa mbili. Stesheni iko Kihonda, mnachukua bajaji hadi mjini. Kupanda Morningside ni saa mbili hadi tatu. Mandhari yanatazama kaskazini, kwa hiyo asubuhi na jioni mwanga unakuja ubavuni. Hapo ndipo filta ya polaraiza, ile ya kukoleza anga na kupunguza mng'ao, inafanya kazi vizuri, jua likiwa nyuzi 90 kutoka unakoelekeza lenzi.

Mwana_wa_Soni:
Polaraiza kwenye lenzi ya pembe pana inatia doa la bluu katikati ya anga.

Kijana_Moro:
Kwenye milimita 16 ndiyo. Kuanzia 28 hivi doa halionekani sana. Na kwenye maporomoko inapunguza mwanga kwa stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga), kwa hiyo kwenye kivuli huhitaji filta nyingine ya kupunguza mwanga.

Mama_Kihamba:
Jamani, na watu je? Mnazungumza filta tu. Mama anayechuma kahawa mwombeni ruhusa kabla hamjanyanyua simu, na mkiahidi kumtumia picha, mtumieni.

Mtembezi_Pugu:
Shikamoo mama, nimekusikia. Ni mwisho wa Julai. Mimi simu, mwenzangu kamera yenye lenzi ya milimita 18-55. Tuna mtoto wa miaka tisa.

Mwana_wa_Soni:
Julai Lushoto ina baridi na asubuhi ukungu. Bebeni masweta. Kwenye ukungu ongezeni mwanga kwa +1 kwenye mpangilio wa kamera au simu, la sivyo weupe unatoka kijivu.

Kijana_Moro:
Mtoto wa miaka tisa Morningside anafika, mkiondoka saa kumi na mbili kabla ya joto. Maji lita mbili kila mtu.

Fundi_Lenzi:
Kabla ya kununua polaraiza, mwambie mwenzako asome namba iliyo karibu na alama ya Ø (kipenyo cha filta kwa milimita) kwenye ukingo wa lenzi. 18-55 ziko za 49, 52, 55 na 58. Yake ni ipi?